Chini ya Mnyama Uliyemfunga, Umetandika Nini?



Katika ukurasa huu wa nyumba na mifugo tumezoea kuzungumza juu ya chakula cha kuku, juu ya magonjwa, juu ya namna ya kujenga kibanda. Mara hii tunashuka chini kabisa. Tunataka kusema juu ya kile mnyama anachokanyaga na kulalia, ndiyo matandiko ya kibanda. Watu wa masomo ya ufugaji wanaita litieri. Sisi tuseme tu matandiko.

Ulizo limetoka kwa kijana wa shule, na wenzake walicheka sana aliposema: "Ku Bulaya batu beko nafuga nyoka mu nyumba. Sasa banamulalishaka juu ya nini?" Ni ulizo la kuchekesha, lakini lina akili ndani yake. Kwa maana mtu akielewa kwa nini nyoka wa kisandukuni anataka matandiko haya na si yale, ataelewa pia kwa nini vitoto vya kuku wake vinakohoa, na kwa nini kobaye wake wana vidonda miguuni. Basi tuanze na nyoka, kisha turudi nyumbani kwetu Kasaji.

NYOKA ANATUFUNDISHA NINI

Nyoka akiwa porini, hakuna anayemtandikia. Anachagua mwenyewe. Asubuhi kukiwa baridi, anaanika mwili juu ya jiwe. Jua likizidi, anaingia shimoni. Wakati wa kuvua ngozi, anatafuta pahali penye unyevu kidogo, ili ngozi ya zamani ilainike na kutoka nzima.

Tena kila aina ya nyoka ina pahali pake. Kifutu, yule mfupi na mnene anayelala katika njia za mashamba, anapenda nyasi kavu. Ndugu yake wa msitu, vipere ya Gabon, amechorwa mgongoni kama majani yaliyoanguka. Mtu anaweza kupita karibu naye bila kumwona. Kule Kenya na Tanzania kuko nyoka mmoja mdogo wa nchi kavu, anayejizika ndani ya mchanga, anaacha macho nje, anangoja panya apite. Chatu, ambaye wengi kwetu wanamwita boa, hapendi kukaa mbali na maji.

Sasa umfunge mmoja wa hawa ndani ya kisanduku. Hawezi tena kwenda jiweni, wala shimoni, wala mtoni. Ana kile tu ulichomtandikia. Kama ni kibaya, atalala juu yake mchana na usiku mpaka agonjwe. Hapo ndipo fundisho letu lote la leo: mnyama aliyefungwa hawezi kuhama, kwa hiyo yule aliyemfunga ndiye mwenye kumchagulia pahali pa kulala, na ndiye mwenye kujibu kama mambo yakiharibika.

WANAOFUGA NYOKA WANATANDIKA NINI

Usifikiri kwamba kufuga nyoka ni jambo la Ulaya peke yake. Mjini Nairobi, karibu na musée ya nchi, kuko bustani ya nyoka tangu mwaka 1961. Na huko Watamu, kwenye pwani ya Kenya, James Ashe, aliyekuwa zamani fundi wa nyoka katika musée hiyo ya Nairobi, alianzisha nyumba ya nyoka inayoitwa Bio-Ken mwaka 1980. Nyoka wa pale hawakuwekwa kwa mchezo. Watu wanajifunza kuwatambua, na sumu yao inakamuliwa juu ya kutengeneza dawa ya kuwaponya walioumwa. Ni kule Ulaya na Marekani ndiko watu wengi wanawafuga nyumbani, kama vile sisi tunavyofuga paka.

Wafugaji wa namna hiyo wamejaribu vitu vingi miaka mingi, na wamejifunza haya:

Karatasi ya gazeti. Si nzuri kwa macho, lakini ni ya bei ndogo. Ikichafuka unaikunja na kuitupa. Juu yake mfugaji anaona wazi kinyesi, damu ao vidudu vidogo vya ngozi. Kwa hiyo nyoka mgeni ao mgonjwa anawekwa kwanza juu ya karatasi.

Maranda ya mti laini. Ni yale maganda membamba yanayotoka kwenye randa ya fundi wa mbao. Yanafaa kwa nyoka wa nchi kavu. Lakini si kila mti. Mbao yenye harufu kali, kama ile ya mwerezi, ina mafuta ndani yanayochoma mapafu ya mnyama aliyefungiwa nayo. Harufu ambayo sisi tunaisifu ndani ya kabati, kwake ni sumu ya polepole.

Nyuzi za maganda ya nazi. Zinashika unyevu bila kuwa matope, kwa hiyo zinafaa kwa nyoka wa msitu.

Mchanga. Ni kwa yule tu anayeishi mchangani. Nyoka mwingine ataumeza pamoja na nyama, na mchanga utajaa katika matumbo na kuyaziba.

Na kwa wote, matandiko yaliyolowa na kuchafuka yanaleta vidonda tumboni, sababu nyoka hana miguu ya kumwinua juu ya uchafu. Tumbo lake lote liko chini.

Umeona? Hakuna kitandiko kimoja kinachofaa wanyama wote. Mfugaji mwenye akili anauliza kwanza: mnyama huyu, kama angekuwa huru, angelala wapi?

JE, NA SISI TUFUGE NYOKA?

Vijana, msikimbilie porini na saki mkononi. Nyoka wa sumu si wa kuchezea, na dawa ya kuponya sumu haipatikani upesi katika pande zetu. Chatu hana sumu, lakini ana nguvu ya kumkaza mtoto. Tena wanyama wa pori wana sheria yao. Nchi yetu iko ndani ya mapatano ya CITES tangu mwaka 1976, na chatu ni mmoja wa wanyama ambao biashara yao ya kuvuka mpaka inataka ruhusa ya serikali. Kuko pia sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda viumbe na pori. Mwacheni nyoka ajichagulie jiwe lake mwenyewe.

Lakini kuku je? Kobaye je? Sungura na bata je? Hao tumewafunga tayari. Wako nyuma ya nyumba ao ndani ya jikoni, wanangoja tuwachagulie.

MAULIZO MANNE MBELE YA KUTANDIKA

Kabla ya kutia kitu chochote ndani ya kibanda, baba ao mama ajiulize maulizo haya manne.

1. Kinakunywa maji? Kuku na kobaye wanakojoa na kunya mahali wanapolala. Kitandiko kizuri kinanyonya maji hayo na kuyaacha yakauke. Saki ya plastiki hainyonyi kitu. Sakafu ya sima peke yake hainyonyi kitu, tena ni baridi sana katika usiku wa mwezi wa sita na wa saba.

2. Kina vumbi ao harufu kali? Pua ya mnyama iko karibu na chini kuliko pua yako. Kinachokufanya wewe upige chafya mara moja, yeye anakivuta saa zote.

3. Mnyama akikila, kitamuumiza? Na hakika atakila! Kitoto cha kuku kinadonoa kila kitu. Kobaye anatafuna mpaka kitanda chake.

4. Kimetoka wapi? Hili ulizo la nne ni la kwetu sisi watu wa pande za shaba na kobalti. Tutalirudilia, sababu ndilo zito kuliko yote.

VITU TULIVYO NAVYO HAPA

Nyasi kavu. Ndiyo mali ya kila mtu. Kateni mvua ikiisha, kabla moto wa pori haujapita, mzianike vizuri, mziweke pahali pakavu. Kwa kobaye na sungura hakuna kinachozipita, maana wanalalia na kula pamoja. Kwa kuku mzikate fupi, urefu wa kidole, kwa sababu nyasi ndefu zinajisokota na kuwa kama mkeka: juu pakavu, chini panaoza. Nyasi zenye ukungu mweupe ao mweusi zitupwe. Ukungu huo unaingia katika mapafu ya vitoto vya kuku, vinaanza kuhema mdomo wazi, na munganga wa mifugo hana dawa rahisi ya kuvirudisha.

Maranda. Ni mazuri sana kwa kuku, yakitoka kwenye mbao safi isiyopakwa kitu. Muulize fundi: "Hii mbao ni ya namna gani?" Kama ni triplex, ina gundi, acha. Kama ni nguzo ya zamani ya umeme ao mbao iliyopakwa dawa ya mchwa, acha kabisa. Kama ilianguka chini ya mashine na kulowa mafuta, acha pia.

Unga wa mbao. Watu wengi wanachanganya unga na maranda, lakini si kitu kimoja. Unga ni mwepesi, unapanda hewani, na vitoto vya siku za kwanza vinaula vikifikiri ni chakula. Tumbo linajaa, lakini hakuna nguvu. Kama huna kingine, utie chini, kisha funika juu yake kwa karatasi muda wa siku tatu ao nne za kwanza, mpaka vitoto vijue sahani yao.

Maganda ya mpunga. Wale walio karibu na mashine ya kukoboa wana bahati. Ni makavu, ni mepesi, hayashikamani upesi.

Maganda ya karanga. Angalieni sana. Yakilowa kidogo tu yanashika ukungu. Kama si makavu ya kuvunjika mkononi, yapelekeni kwenye moto wa jikoni.

Karatasi na makartoni. Yanafaa kwa siku chache, kwa mnyama mgonjwa ao kwa kuku mwenye kulalia mayai. Makartoni yanakunywa maji vizuri, lakini yanataka kubadilishwa kila siku.

Udongo wa kichuguu. Huu si kitandiko, ni sakafu. Ukipondwa, ukilowanishwa na kupigwa vizuri, unakuwa mgumu na unaweza kuufagia. Kisha unatandika nyasi ao maranda juu yake.

Majivu. Kidogo, yaliyopoa na makavu, katika sanduku la pembeni pamoja na udongo mkavu. Kuku wanapenda kuoga humo, na inawasaidia juu ya chawa. Lakini usitandaze majivu kibanda kizima: yakikutana na mkojo yanachoma miguu.

MCHANGA WA MIGODI

Sasa turudie lile ulizo la nne.

Tuwasikilize wamama wawili wanaozungumza penye uzio.

"Mama, ile muchanga umetia mu nyumba ya kuku, ni ya wapi?"

"Ni ya ku karyere. Iko mukavu, iko murembo, haishikake maji. Tena ni ya bure."

Yule mama ana haki juu ya mambo matatu: mchanga ule ni mkavu, unaonekana safi, na haununuliwi. Lakini lile la nne, kimetoka wapi, hakuliuliza. Mchanga wa mgodini ni jiwe lililopondwa ao kuoshwa juu ya kutafuta shaba na kobalti. Mwenye kuosha hawezi kutoa madini yote. Yanabaki. Katika mawe ya Lualaba, pamoja na shaba na kobalti, mara nyingi kuko urani pia, na madini mengine mazito kama risasi. Mchanga huo unaweza kuwa mweupe na mzuri kama wa mto, na bado umebeba vitu hivyo vyote.

Hili si la kutisha watoto tu. Huko Kolwezi kuko mtaa wa Kasulo. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya viwanja vya watu, na wachimbaji, wale tunaowaita krezere, wakaanza kuchimba katikati ya nyumba. Waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walikwenda kupima, na mwaka 2018 walitangaza waliyoyaona. Walipima watu 72 wa Kasulo, na kati yao 32 walikuwa watoto. Kobalti katika mkojo na katika damu yao ilikuwa nyingi kuliko kwa watu wa mtaa wa karibu usiochimbwa, na kwa watoto ndipo ilipozidi. Vumbi la ndani ya nyumba pia lilikuwa na madini. Watoto wale hawakushuka mashimoni wote. Wengine walicheza tu chini, katika vumbi la nyumbani kwao.

Sasa fikirieni kuku. Kuku hana meno. Anameza vijiwe vidogo na mchanga makusudi, ili firigisi isage chakula. Kama umemtandikia mchanga wa mgodini, hakanyagi tu: anaula, kila siku. Kisha anachakura, vumbi linapanda, na mtoto anayekwenda kuokota mayai analivuta. Mtoto huyo anarudi ndani bila kunawa, anashika mkate. Na matandiko yakichakaa, baba anayabeba kama mbolea katika bustani ya sombe na matembele. Kwa njia hiyo mchanga wa bure umeingia katika kuku, katika pua ya mtoto, na katika sahani ya jamaa nzima.

Tena madini hayaozi. Ukiyaanika juani, yako. Ukiyachoma, yako. Ukichemsha maji na kuyamwagia mchanga, yako vilevile. Kinyesi cha kuku kinaoza na kuwa udongo. Kobalti inabaki bustanini miaka na miaka.

Mtu atasema: "Sisi wa Kasaji tuko mbali na Kolwezi, karyere haziko hapa." Ni kweli, tuko mbali na mashimo makubwa. Lakini reli na barabara zinatuunganisha, na vijana wetu wanakwenda na kurudi. Saki tupu zilizobeba madini ao dawa za viwanda zinafika sokoni, na watu wanazitandika chini ya wanyama ao kufunika vibanda kwa hizo. Mavazi ya kazi yanakung'utwa uani, pale kuku wanapodonoa. Kwa hiyo tuwekeeni hizi amri ndogo za nyumba:

Mchanga, kama unahitajiwa, utoke mtoni pahali pasipooshewa madini, ao katika shamba letu wenyewe.

Saki ya madini isiingie katika kibanda, hata kama imefuliwa.

Mavazi ya mchimbaji yafuliwe peke yake, na maji yake yasimwagwe penye kuku wala penye mboga.

Anayetoka kusafisha kibanda anawe mikono kwa sabuni, mtoto kwanza.

Na kama tayari umetandika mchanga huo? Usiufagie ukiwa mkavu, utapanda hewani. Unyunyizie maji kwanza, funga kitambaa puani, uuchote kwa pauro, uuzike mbali na kisima na mbali na bustani. Watoto wasiwe karibu siku hiyo.

NAMNA YA KUYATUNZA

Matandiko mazuri yanaharibika yakiachwa bila uangalizi. Kwa kuku, tandaza unene wa vidole vinne mpaka sita. Yageuzeni mara moja ao mara mbili kila juma kwa reki ao kwa uma wa shamba. Penye chombo cha maji ndipo panalowa kwanza: ondoa yaliyolowa kila siku, na uinue chombo juu ya matofali mawili.

Kuko vipimo viwili visivyotaka franka hata moja.

Kipimo cha mkono. Chukua konzi moja ya matandiko, kamua, kisha fungua mkono. Kama yanabaki donge, yamelowa sana: magonjwa ya kuhara damu yatafuata, maana vijidudu vyake vinapenda unyevu. Kama yanakuwa vumbi mkononi, yamekauka sana. Kama yanashikamana kidogo kisha yanaachana, ni vizuri.

Kipimo cha pua. Piga magoti ndani ya kibanda mpaka pua yako ifike pahali pua ya kuku ilipo. Usivute hewa ukiwa umesimama mlangoni, utajidanganya. Kama macho yanawasha na harufu inachoma, hiyo ni amoniaki inayotoka katika mkojo na kinyesi. Yule kuku anaivuta tangu jioni mpaka asubuhi. Ongeza matandiko makavu, toa yale ya chini, na fungua madirisha ya juu ili hewa ipite.

Kwa kobaye neno ni lilelile, lakini miguu yake ni laini zaidi. Juu ya sima tupu, ao juu ya waya, ao katika mkojo wake mwenyewe, chini ya mguu panavimba na kupasuka. Mnyama anakataa kutembea, anakonda, na mwenyewe anafikiri amelogwa. Hakulogwa. Hakutandikiwa. Mpe nyasi kavu nyingi, toa zilizolowa kila siku, na badilisha zote kila juma.

Matandiko ya zamani yasiyo na mchanga wa mgodini ni mali. Yalundike mbali na nyumba, yafunike, yaache miezi miwili ao mitatu yaoze vizuri, kisha yapeleke bustanini. Mboga zitakushukuru.

NYOKA ANAPOJILETA MWENYEWE

Tumesema tusimfuge nyoka. Lakini yeye anaweza kuja bila kuitwa, na matandiko ndiyo yanayomwita. Chakula kilichomwagika ndani ya nyasi kinaleta panya. Panya wanaleta nyoka. Tena mayai na vitoto vya kuku viko pale, na nyasi ni joto. Kwake ni nyumba iliyotandikwa tayari.

Kwa hiyo usiingize mkono katika kiota gizani. Chukua taa, gonga kwa fimbo, kisha tazama. Ukigeuza matandiko, tumia reki, si vidole, na vaa viatu vilivyofunika mguu. Usilundike nyasi za akiba penye mlango wa nyumba ya kulala.

Kama mtu ameumwa, msimkate, msimnyonye, msifunge kamba ya kukaza. Lile jiwe jeusi ambalo wengi tunaliweka katika nyumba halitoi sumu mwilini. Linapoteza tu saa ambayo mgonjwa angekuwa njiani. Mlazeni, atulie, mguu ao mkono ule usitikisike, mtoeni pete na bangili, na mmpeleke hospitali upesi, mkimbeba. Kama nyoka ametema sumu machoni, osheni kwa maji mengi safi mara ileile, kisha mwende kwa munganga. Kuumwa na nyoka si jambo dogo la watu wa pori: mwaka 2017 Shirika la Afya la Dunia, OMS, liliandika jambo hilo katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

MANENO YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA

Jioni, chakula kikiisha, baba na mama waulizane pamoja na watoto:

Katika nyumba yetu, ni nani anayechagua matandiko ya wanyama, na ni nani anayeyasafisha? Kama ni mtoto, je, tumemfundisha kunawa?

Mchanga ulio uani kwetu umetoka wapi? Ni nani aliyeuleta, na aliuchota pahali gani?

Ni kitu gani tunachotupa bure kila juma, ambacho kingefaa kuwa matandiko makavu?

Lini mara ya mwisho mmoja wetu alipiga magoti ndani ya kibanda na kuvuta hewa ya pale?

Kesho asubuhi, kabla ya shule na kabla ya kazi, mmoja wenu achukue konzi ya matandiko mkononi na kuikamua. Akikuta donge, anajua kazi yake ya siku ile.

Kaeni vizuri, na tuonane katika ukurasa huu mwezi ujao.